Nembo kibao kwenye lango la hifadhi: nani hasa mwenye kauli?

"UNESCO yazuia bwawa." "Umoja wa Mataifa watangaza mnyama fulani yuko hatarini kutoweka." "WWF yafungua hifadhi mpya." Vichwa vya habari vya namna hii tunavisoma kila mara, na karibu kila kimoja kina kasoro. UNESCO haina uwezo wa kuzuia bwawa lolote duniani. Orodha ya viumbe walio hatarini, ile inayonukuliwa kila siku, si ya Umoja wa Mataifa. Na hifadhi haitangazwi na shirika la hisani. Hutangazwa na serikali, au na mwenye ardhi.

Siwalaumu sana waandishi. Ulimwengu wa uhifadhi umejaa vifupisho, na vyombo vyenyewe vimeshikamana kiasi kwamba ni vigumu kuona kimoja kinaishia wapi na kingine kinaanzia wapi. IUCN na WWF, mawili kati ya mashirika makubwa kabisa ya fani hii, makao yao makuu yako katika mji mmoja mdogo wa Uswisi uitwao Gland. Sekretarieti ya mkataba wa kimataifa wa ardhioevu nayo ni mpangaji palepale kwa IUCN. Wanakutana kwenye mikutano ileile, wananukuliana kwenye ripoti, halafu nembo zao hupangwa mstari mmoja kwenye kibao cha langoni, na mgeni anayepita anadhani wote ni wenye mali.

Ukitaka kukijua chombo cha uhifadhi, usianze na jina lake. Uliza kimeshika nini: sheria, orodha, pesa au pingu. Vingi vimeshika kimoja tu kati ya hivyo vinne. Na wa kumtafuta kwa makini kuliko wote ni mwenye pingu, yaani yule anayeweza kumkamata mtu ndani ya mpaka wa hifadhi, kumtoa, kumfungulia mashtaka au kumwachia. Wengine wote huzungumza naye. Hawawezi kukaa kwenye kiti chake.

Virunga na mikono yote iliyomo

Tuichukue Hifadhi ya Taifa ya Virunga, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ilianzishwa mwaka 1925 enzi za Wabelgiji, ikapewa jina la Mfalme Albert. Ina ukubwa wa kilomita za mraba 7,800 hivi: volkano zilizo hai, misitu, mbuga, sehemu ya Ziwa Edward, na sokwe wa milimani ambao ndio walioipa umaarufu.

Mwenye hifadhi kisheria ni serikali ya Kongo kupitia taasisi yake ya uhifadhi, ICCN. Kazi za kila siku zinaendeshwa kwa ubia na Virunga Foundation, shirika la hisani lililosajiliwa Uingereza. Umoja wa Ulaya umekuwa miongoni mwa wafadhili wake wakubwa. UNESCO iliiingiza kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1979, na tangu 1994 imo kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Mwaka 1996 ikaandikishwa pia chini ya mkataba wa Ramsar wa ardhioevu. Sokwe wenyewe wamo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe pori, kwa hiyo kuwauza nje kibiashara ni marufuku. Na mwaka 2018 IUCN iliwashusha kutoka daraja la walio hatarini kabisa hadi la walio hatarini, baada ya hesabu kuonyesha kwamba duniani wamezidi elfu moja.

Hapo bado sijaitaja WWF, na zamu yake ndiyo hii. Mwaka 2010 serikali ya Kongo iliridhia kampuni ya mafuta ya Uingereza, SOCO, itafute mafuta katika kitalu kilichoingia ndani ya hifadhi. Kamati ya Urithi wa Dunia, inayosimamia orodha ile ya UNESCO, ilipinga. Ilisema waziwazi kwamba mafuta na hadhi ya urithi wa dunia haviendi pamoja, ikaitaka serikali ifute vibali. Lakini kamati hiyo haina mahakama wala askari, na hakuna faini inayoweza kumtoza mtu. Kibali kikabaki.

WWF ikapita mlango ambao wengi hawakuufikiria. Oktoba 2013 ilipeleka malalamiko Uingereza, kwenye ofisi ya serikali inayosimamia miongozo ya OECD, jumuiya ya kiuchumi ya nchi nyingi tajiri, kuhusu mwenendo wa kampuni za kimataifa. Ofisi ile nayo haiwezi kumfunga mtu, ila kampuni iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa haipendi kuonekana kwenye meza yake. Juni 2014, baada ya usuluhishi, SOCO ilikubali kutochimba Virunga isipokuwa UNESCO na serikali ya Kongo zikubaliane kwamba kazi hiyo haipingani na hadhi ya urithi wa dunia. Orodha ya UNESCO, ambayo peke yake haikuwa na meno, ikageuka kuwa sharti ndani ya ahadi ya kampuni.

Kisha Julai 2022 serikali ya Kongo ikaweka mnadani vitalu vipya vya mafuta na gesi, na baadhi viliingia Virunga. Kelele zilipigwa na kila aliyemo kwenye kibao cha langoni. Oktoba 2024 mnada wa vitalu vya mafuta ukafutwa. Sababu zilizotolewa na wizara zilihusu zabuni zenyewe, kwamba nyingine zilichelewa, nyingine hazikukidhi masharti na ushindani ulikuwa haba. Sokwe hawakutajwa. Aliyeviweka vitalu mnadani ni serikali, na aliyeviondoa ni serikali.

Na pingu? Hapo Virunga inatuonyesha kitu kigumu zaidi. Kwenye karatasi mwenye mamlaka ni ICCN, lakini sehemu za hifadhi zimekuwa kwa miaka mingi mikononi mwa makundi yenye silaha. Askari wa hifadhi zaidi ya 200 wameuawa katika historia ya Virunga. Siku moja tu, tarehe 24 Aprili 2020, waliuawa askari 12, dereva wao na raia wanne. Hadhi za kimataifa zote zilizotajwa hapo juu zilikuwepo siku hiyo.

IUCN si Umoja wa Mataifa

Kama kuna chombo kimoja kinachostahili kuelezwa taratibu, ni IUCN, Umoja wa Kimataifa wa Kuhifadhi Mazingira Asilia. Ulizaliwa Fontainebleau, Ufaransa, Oktoba 1948. Julian Huxley, mkurugenzi mkuu wa kwanza wa UNESCO, alikuwa miongoni mwa waliousukuma, na labda ndiyo maana watu huudhania kuwa tawi la Umoja wa Mataifa. Sivyo. Kwenye Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa IUCN ni mwangalizi tu, tangu 1999.

Muundo wake ndio wa ajabu. Wanachama zaidi ya 1,400 wanachanganya serikali, idara za serikali, mashirika yasiyo ya kiserikali na, tangu mkutano wa Hawaii wa 2016, asasi za watu wa asili. Kila baada ya miaka minne hivi wanakutana na kupiga kura, na kura zinahesabiwa kwa makundi mawili: upande wa serikali peke yake, na upande wa mashirika pamoja na watu wa asili. Azimio lisilopata wingi pande zote mbili halipiti. Serikali haziwezi kuyazima mashirika, na mashirika hayawezi kuziburuza serikali. Sifahamu chombo kingine kikubwa cha kimataifa ambamo waziri na chama cha wapenzi wa ndege wanakaa wote kama wapiga kura.

Maazimio hayo hayamlazimishi mtu. IUCN haina sheria. Ilichonacho ni orodha na wataalamu, na kwa mikono hiyo miwili imefanya kazi kubwa kuliko vyombo vingi vyenye sheria. Orodha Nyekundu ya viumbe walio hatarini, iliyoanza mwaka 1964, ni yake. Hadi 2024 ilikuwa imepima spishi zaidi ya 166,000 na kukuta zaidi ya 46,000 zinatishiwa kutoweka. Wapimaji ni maelfu ya wanasayansi, wengi wao wakijitolea.

Orodha Nyekundu haikatazi chochote. Ukimwinda mnyama aliye kwenye daraja la juu kabisa la hatari, IUCN haina la kukufanya. Itakayokukamata ni sheria ya nchi uliyomo. Ila vipimo vya Orodha Nyekundu ndivyo vinavyobebwa na wengine hadi kwenye sheria, na hapo ndipo nguvu yake ilipo.

WWF ni ndugu yake mdogo wa kutafuta fedha. Ilianzishwa mwaka 1961 kwa sababu wahifadhi walikuwa na ujuzi mwingi na mfuko mtupu. Peter Scott, mchoraji na mtaalamu wa ndege, ndiye aliyechora panda ya nembo, akimwangalia Chi-Chi wa bustani ya wanyama ya London. Panda ile imevuta michango kuliko ripoti yoyote ya kisayansi, na si siri kwamba ilichaguliwa ikiwa na kazi hiyo.

Wenye sheria

Mikataba minne ya kimataifa ilizaliwa ndani ya miaka tisa: wa ardhioevu uliotiwa saini mjini Ramsar, Iran, mwaka 1971, wa urithi wa dunia, 1972, CITES wa biashara ya viumbe pori, 1973, na wa wanyama wanaohamahama, uliosainiwa Bonn mwaka 1979. Mkubwa wao kwa upana, Mkataba wa Bayoanuwai, ulikuja Rio mwaka 1992. Mwanachama wa mkataba ni nchi. Shirika la hisani huingia ukumbini, hugawa vipeperushi na kunong'ona na wajumbe, lakini halina kura.

CITES ndio wenye meno makali, na sababu yake ni kwamba unashughulika na mpaka wa forodha, mahali ambapo serikali tayari ina maofisa, mihuri na mabohari. Wazo lake lilitoka kwenye azimio la IUCN la 1963. Spishi karibu 40,000 zimegawanywa katika viambatisho vitatu. Kila nchi mwanachama lazima iwe na mamlaka ya kutoa vibali na mamlaka ya kisayansi ya kuishauri. Nchi inayokaidi inaweza kujikuta wanachama wenzake wametakiwa wasifanye nayo biashara ya spishi fulani, au ya spishi zote zilizomo kwenye mkataba. Hilo linauma.

Hata hivyo CITES ni bunge la wanasiasa, na maamuzi yake yana mizunguko ya kisiasa. Mwaka 1989 tembo wa Afrika alipandishwa Kiambatisho cha Kwanza na biashara ya kimataifa ya meno yake ikapigwa marufuku. Mwaka 1997 tembo wa Botswana, Namibia na Zimbabwe wakarudishwa Kiambatisho cha Pili. Mwaka 1999 yakafanyika mauzo ya mara moja kwa Japani, na 2008 mengine kwa Japani na China. Tembo ni yuleyule; kilichobadilika ni theluthi mbili ya kura ukumbini.

Mkataba wa Urithi wa Dunia una silaha ya aina nyingine: sifa. Kamati ya nchi 21 huamua kipi kiingie kwenye orodha, na kwa maeneo ya asili hushauriwa na IUCN. Ushauri huo mara kwa mara hupuuzwa, kwa kuwa wajumbe wa kamati ni wanadiplomasia na kila nchi ina jambo lake la kuombea kura. Adhabu ya mwisho ni kuondolewa kwenye orodha.

Nchi ya kwanza kupata adhabu hiyo iliitaka yenyewe. Hifadhi ya choroa wa Uarabuni nchini Oman iliandikishwa mwaka 1994. Choroa yule mweupe alikuwa ametoweka porini mwanzoni mwa miaka ya 1970, akarudishwa kutoka bustani za wanyama, na kufikia 1996 walikuwepo 450 hifadhini. Wakaja majangili, kisha hamu ya mafuta na gesi. Oman ikapunguza eneo la hifadhi kwa asilimia 90, na mwaka 2007, choroa wakiwa wamebaki 65, kamati ikaifuta kwenye orodha. Kuna wanaoisoma habari hii kama uthibitisho kwamba orodha ni mapambo. Mimi naisoma tofauti kidogo: serikali iliyokwisha kuamua haizuiliki kwa sifa, lakini nyingi huwa hazijaamua. Zinasitasita, wizara moja inavutana na nyingine, na hapo barua ya kamati humpa waziri wa mazingira kitu cha kuweka mezani.

"Hifadhi ya taifa" ni jina, hali yake ni nyingine

Mkanganyiko mwingine unatokana na neno lenyewe hifadhi. Yellowstone ya Marekani, iliyotangazwa mwaka 1872, ni karibu kilomita za mraba 9,000 za ardhi ya serikali ambako hakuna vijiji wala kilimo. (Watu walikuwepo. Washoshoni waliokuwa wakiishi kwenye milima ile waliondolewa katika muongo huohuo, na kwa miaka mingi wageni waliambiwa kwamba wenyeji waliiogopa nchi ile kwa sababu ya chemchemi zake za moto.) Lake District ya Uingereza nayo ni hifadhi ya taifa, lakini ndani yake wanaishi watu kama 40,000, kuna kondoo, baa na mashamba, na sehemu kubwa ya ardhi ni mali ya watu na taasisi binafsi. Mamlaka ya hifadhi pale kazi yake kubwa ni kutoa au kunyima vibali vya ujenzi.

IUCN imejaribu kuweka mpango kwa madaraja sita, kuanzia la kwanza, la maeneo yaliyofungwa kwa ajili ya sayansi au yaliyoachwa yawe pori tupu, hadi la sita linaloruhusu matumizi endelevu ya maliasili. Yellowstone iko daraja la pili, Lake District la tano. Halafu kuna swali la pili ambalo watu hulisahau: nani anasimamia? Inaweza kuwa serikali, ubia, mtu au shirika binafsi, au wenyeji na watu wa asili wenyewe. Maswali haya mawili hayategemeani. Msitu wa jamii unaweza kulindwa vikali kuliko hifadhi ya serikali, na mwaka 2018 nchi za Mkataba wa Bayoanuwai zilikubaliana kutambua hata maeneo yasiyoitwa hifadhi kabisa, mradi maumbile yanalindwa humo kwa kweli, iwe ni kwa sababu ya mila, chanzo cha maji au uwanja wa jeshi.

Hili lina uzito kwa sababu ya lengo la asilimia 30. Desemba 2022, mjini Montreal, nchi hizo zilikubaliana kwamba kufikia 2030 asilimia 30 ya nchi kavu na maji ya bara, na asilimia 30 ya bahari, ziwe zimehifadhiwa. Ripoti ya mwaka 2024 ilikuta asilimia 17.6 upande wa nchi kavu na maji ya bara, na 8.4 baharini. Takwimu hizi hutoka kwenye hifadhidata inayotunzwa Cambridge na kituo cha Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa kwa kushirikiana na IUCN, na wanaoijaza, kwa sehemu kubwa, ni serikali zenyewe. Serikali ikituma ramani, eneo linahesabiwa. Barani Ulaya yapo maeneo mengi ya bahari yanayohesabiwa kuwa hifadhi ilhali nyavu za kukokota sakafuni bado zinaruhusiwa kupita humo. Ni hifadhi za karatasi, na mbio za asilimia zinazitia moyo ziongezeke. Nikisikia nchi imefikisha 30 yake, kitu cha kwanza ninachotaka kujua ni nini kimekatazwa humo ambacho jana kilikuwa halali.

Pesa, na mameneja wa kukodi

Fedha za kimataifa za uhifadhi hupita njia chache. Mfuko wa Mazingira Duniani, GEF, ulioanza mwaka 1991, ndio mkoba wa Mkataba wa Bayoanuwai. Benki na serikali tajiri hutoa misaada yao. Na kuna mbinu ya kubadilisha deni kwa hifadhi: mwaka 1987 shirika la Conservation International lilinunua deni la Bolivia la dola 650,000 kwa dola 100,000 tu, kwa kuwa wadai walikwisha kata tamaa ya kulipwa, likalifuta na Bolivia ikaahidi kulinda ardhi ya Beni, eneo lililomo nchini humo. Shelisheli ilifanya jambo la jamii hiyo kwa msaada wa The Nature Conservancy, deni likiwa dola milioni 21 na ushei, na mwaka 2020 ikakamilisha kutangaza hifadhi asilimia 30 ya bahari yake. Wanaosifu wanaona deni limepungua na bahari imelindwa. Wanaokosoa wanauliza ni lini wavuvi waliulizwa. Hoja zote mbili ni halali.

Aina mpya zaidi ya chombo ni ile inayochukua uendeshaji mzima kwa mkataba. African Parks, lenye makao Johannesburg, lilianzishwa mwaka 2000 na sasa linaendesha hifadhi zaidi ya 20 barani Afrika. Serikali inabaki na umiliki; shirika linaajiri, linalipa mishahara, linaleta magari, linaajiri na kufunza askari. Majete nchini Malawi ilikuwa ya kwanza kwake, mwaka 2003. Wakati huo haikuwa na tembo hata mmoja. Leo ina faru, simba, na tembo walioongezeka hadi ikawa miongoni mwa hifadhi zilizotoa tembo wa kuhamishiwa Nkhotakota, hifadhi nyingine nchini humo, mwaka 2016 na 2017. Kwa mizani ya wanyama, ni vigumu kubishana na matokeo hayo.

Lakini rudi kwenye pingu. Askari analipwa na shirika, amepewa mamlaka ya kukamata na serikali, sare yake ina nembo mbili, na mafunzo yake yamegharamiwa na mlipakodi wa bara jingine. Akimpiga mwanakijiji, nani anashitakiwa?

Swali hilo lilifika hadharani mwaka 2019, vyombo vya habari vilipochapisha tuhuma za mateso na mauaji yaliyodaiwa kufanywa na askari wa hifadhi kadhaa zilizokuwa zikipata msaada wa WWF, barani Afrika na Asia. WWF iliunda jopo huru chini ya Navi Pillay, aliyewahi kuwa Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu wa Umoja wa Mataifa. Ripoti yake ya Novemba 2020 haikukuta ushahidi kwamba wafanyakazi wa WWF waliagiza au kushiriki ukatili huo. Ilikuta kwamba shirika lilijua kuhusu tuhuma na mara kadhaa likashindwa kutimiza ahadi zake lenyewe za kulinda haki za wenyeji, huku msaada ukiendelea. Mwaka 2025 African Parks nalo lilikiri, baada ya uchunguzi liliouagiza, kwamba askari walikiuka haki za binadamu katika hifadhi ya Odzala-Kokoua, Jamhuri ya Kongo, ambako jamii ya Wabaka ndiyo iliyolalamika.

Utetezi wa kawaida wa mfadhili ni kwamba askari ni wa serikali. Kisheria ni kweli. Ila mfadhili yuleyule, akiandika ripoti ya mafanikio, huwaita askari wale "timu yetu" na huhesabu majangili waliokamatwa kuwa matunda ya fedha zake. Ukiyadai matunda, umekubali kuulizwa kuhusu mateso. Baadhi ya mashirika yameanza kuweka masharti: ofisi ya malalamiko isiyo chini ya meneja wa hifadhi, na fedha kusitishwa tuhuma zisipochunguzwa. Mwenye pesa anaweza kuufunga mfuko, na kwa mwenye pingu hilo ndilo shinikizo analolielewa haraka kuliko azimio lolote la Gland.

Pasipo na mwenye pingu

Nje ya mipaka ya nchi, kwenye bahari kuu, mpango huu wote unapata shida, maana hakuna serikali ya kutangaza hifadhi. Bahari ya Ross huko Antaktika ilipata hifadhi ya kilomita za mraba milioni 1.55 kwa makubaliano ya mwaka 2016, na ilibidi wanachama wote 25 wa tume ya rasilimali hai za Antaktika, Urusi na China wakiwemo, waseme ndiyo. Mmoja tu angekataa, isingekuwepo.

Mkataba wa bahari kuu uliopitishwa Umoja wa Mataifa mwaka 2023 unalegeza kamba hiyo. Ulifikisha nchi 60 za kuuridhia Septemba 2025, ukaanza kutumika tarehe 17 Januari 2026. Chini yake, maafikiano yakishindikana, hifadhi inaweza kupitishwa kwa robo tatu ya kura, ingawa nchi inayopinga ina nafasi ya kuweka pingamizi na kutobanwa na uamuzi ule. Ukaguzi wa meli utabaki kwa nchi ambayo bendera yake inapepea juu ya mlingoti, na nchi isiyouridhia mkataba haifungwi nao. Mkutano wa kwanza wa wanachama unatakiwa ufanyike ndani ya mwaka mmoja tangu mkataba uanze kutumika. Makao ya sekretarieti, na nani atalipia nini, ni miongoni mwa mambo yanayousubiri.